Kalunde na Krenki Iliyokatika

Sogeeni, watoto, sogeeni. Hadithi inakuja kwa baiskeli. Msije mkakanyagwa!

Huyu hapa ni Kalunde. Ana miaka sita, na pengo moja mbele. Anakaa kijijini na Mama na Bibi Nyanzala.

Mama ana baiskeli nyeusi. Inabeba maji. Inabeba kuni. Inambeba na Kalunde.

*Zunguka, pedali, zunguka!*
*Chwi-chwi, chwi-chwi.*

Kesho baiskeli itambeba Bibi. Bibi anakwenda kumwona dada yake, Bibi Msozi, ng'ambo ya bonde.

Miguu ya Bibi inauma. Hawezi kutembea mpaka huko. Gari nalo halifiki. Bibi hajamwona dada yake tangu Kalunde hajazaliwa. Hebu fikirini!

Na mawingu yameanza kujikusanya. Mvua ikinyesha, bonde litajaa maji. Hakuna atakayepita. Ni kesho, au basi tena.

Bibi ameshafunga furushi lake. Hatulii. "Mke mwenzangu," anamwambia Kalunde, "njoo unichane. Naendaje kwa dada yangu na nywele hizi?"

Mchana Mama alikuwa anarudi na baiskeli kutoka kisimani. Anakuja, anakuja, anakuja...

Kta!

Mama chini. Ndoo chini. Maji yote, pwaaa!

Mama akainuka, akajipangusa. Hakuumia, ila amekasirika. "Khaa! Baiskeli gani hii?"

Krenki ilikuwa imekatika vipande viwili.

Mnajua krenki ni nini? Pedali ni pale unapokanyaga. Krenki ni ule mkono wa chuma unaoshika pedali. Krenki ikizunguka, mnyororo unakwenda. Mnyororo ukienda, na wewe unakwenda. Krenki ikikatika, huendi popote.

Bibi akaitazama baiskeli. Akayatazama mawingu. "Basi," akasema polepole. "Hatuendi." Akaanza kulifungua furushi lake.

Kalunde aliumia moyoni. "Bibi, usifungue! Tunaipeleka kwa fundi."

Fundi Mgalula ana kibanda cha mabati, karibu na mashine ya kusaga. Anapenda muwa, huyo! Akifanya kazi anatafuna. Akitafuna anaongea. Tena anaongea na baiskeli.

"Pole, mama, umechoka," anaiambia baiskeli moja. "Na wewe, acha kelele," anaiambia nyingine.

"Shikamoo, fundi," akasema Kalunde.

"Marahaba, mwanangu. Karibuni."

"Fundi, nisaidie," akasema Mama. "Kesho nambeba mama yangu. Nikianguka naye, je? Mifupa yake si kama yangu." Kisha akaenda kusaga unga wa safari. "Kalunde, nisubiri hapa."

Fundi akamwaga karai la vyuma chini. Kwangala-kwangala-kwang! Krenki tupu. Ndefu, fupi, nyembamba, nene.

"Nitafutie moja, mwanangu. Ila usisahau:

*Tazama, gusa,*
*usiharakishe.*"

Kalunde hakutazama, wala hakugusa. Aliharakisha! Alinyakua krenki moja inayong'aa. Imechongwa maua pande zote.

"Hii! Bibi atayapenda maua!"

"Mmh," akasema fundi. "Kwanza niambie. Ile ya zamani ilikatikia wapi?"

Kalunde akavichukua vile vipande viwili.

*Tazama, gusa,*
*usiharakishe.*

Akaviunganisha. Palipokatika pana msalaba mdogo. Aaa, ile alama ya Mama! Mama aliichimba mwenyewe, kwa tupa ya kukwangulia chuma. Hakutaka mtu ambadilishie vyuma vyake. Watu wengi huweka alama hivyo.

"Fundi, hapa kwenye alama pana kutu. Lakini pale panang'aa."

"Ehee! Penye kutu palianza kupasuka zamani. Kidogo kidogo, wala Mama hakuona. Panapong'aa pamekatika leo."

Fundi akachukua muwa mwembamba. Akaukunja. Ukapinda, haukukatika.

Akauchanja kidogo kwa kisu. Akaukunja tena. Kta! Ukakatikia pale pale alipochanja.

"Mama akikanyaga, nguvu inapita ndani ya krenki," akasema fundi. "Ikifika penye mkato, inasukumana hapo hapo. Leo inasukumana, kesho inasukumana. Mwisho chuma kinachoka."

Kalunde akaitazama ile krenki ya maua. Kila ua ni mkato. Jamani, mikato mitupu! Akairudisha chini. Roho ilimuuma, maana ilikuwa nzuri kweli.

Akachukua nyingine.

*Tazama, gusa,*
*usiharakishe.*

Mwishoni ina tundu kubwa, pale inaposhikana na baiskeli. Lakini hapo ni nyembamba, nyembamba.

"Hapo ndipo penye kazi ngumu," akasema fundi. "Panataka unene."

Nyingine imepinda. Weka chini.

Nyingine ni nene, lakini ni fupi kuliko mwenzake wa upande wa pili. "Mama ataendesha huku anachechemea!" akasema Kalunde. Wakacheka, yeye na fundi.

Chini kabisa ilibaki moja. Nyeusi. Imepauka. Mbaya, tuseme ukweli.

*Tazama, gusa,*
*usiharakishe.*

Kwenye tundu kubwa ni nene. Inapungua taratibu, taratibu, mpaka kwenye pedali. Kingo zake ni za mviringo. Kalunde akapitisha kidole huku na huku. Hakikukwama popote. Akaipima na mwenzake. Sawa sawa.

"Fundi, ni hii. Ni mbaya, lakini ndiyo hii."

"Umeona mwenyewe," akasema fundi. Akaifunga. Gonga, gonga. Kaza, kaza. Kisha akakaa, akajijazia muwa mdomoni.

Mama akarudi. Ana unga mpaka kwenye nyusi. "Imepona? Ahsante, fundi! Haya, nipe tupa, niiwekee alama yangu."

Uwii!

Fundi alitaka kusema. Lakini mdomo umejaa muwa! "Mmm! Mmmmm!"

"Hata usijali, tupa nimeiona," akasema Mama. Akaichukua tupa. Akainama.

Kalunde akaweka kiganja juu ya krenki.

"Toa mkono, Kalunde."

Kalunde aliogopa. Mama akisema toa, unatoa. Lakini alimfikiria Bibi juu ya baiskeli. Alifikiria ile kta! Hakuutoa mkono.

"Mama, naomba usiikate. Tazama hii kwanza."

Akampa vile vipande viwili. Mama akatazama. Akagusa. Hakuharakisha. Kidole chake kikaufuata msalaba mdogo, mpaka palipokatika.

Mama akakaa chini kabisa. "Kumbe ni mimi? Nilikuwa naikata mwenyewe?"

"Hukujua, Mama."

"Na kesho ningempakia mama yangu..." Akamvuta Kalunde, akamkumbatia kwa nguvu. Wote wawili wakawa weupe kwa unga.

Hapo fundi akautema muwa wake. "Rangi!" akasema. "Nilitaka kusema, paka rangi!"

Akaleta kopo la rangi ya buluu. Kalunde akachovya dole gumba. Akaligandamiza kwenye krenki. Pa!

"Alama ndiyo hiyo," akasema. "Wala haikati kitu."

Asubuhi Bibi akapanda nyuma. Alijifunga kanga vizuri, na nywele zimechanwa. Kalunde akakaa mbele. Mama akakanyaga.

*Zunguka, pedali, zunguka!*
*Chwi-chwi, chwi-chwi.*

Wakashuka bondeni. Wakalivuka likiwa bado kavu. Mbele yao kikasimama kilima.

Mama akasimama juu ya pedali. Uzito wake, wa Bibi, wa Kalunde, wa furushi, wote ukaja juu ya krenki. Kalunde akatega sikio.

Chwi... chwi... chwi...

Wakafika juu! Mama akapumua kwa nguvu. "Haijatikisika hata kidogo," akasema. Kalunde alifurahi mpaka akapiga makofi, na nusura waanguke.

Bibi Msozi alikuwa mlangoni, anachambua maharage. Akainua kichwa.

"Nyanzala?"

"Ni mimi, dada."

Maharage yote yakamwagika. Hakuna aliyeyaangalia. Wale dada wawili wakashikana. Wakalia, wakacheka, wakalia tena. Mama akageukia ukutani, akajifuta macho.

Waliongea mpaka jua likazama. Waliongea wakila. Waliongea wakinawa. Waliongea hata walipolala kwenye mkeka mmoja, na Kalunde pembeni yao.

"Nyanzala, sogea. Umechukua mto wote."

"Sogea wewe, dada. Tangu utotoni uko hivi hivi."

"Mimi? Au wewe?"

Kalunde akacheka chini ya shuka.

Kisha kukawa kimya. Kalunde akachungulia. Bibi alikuwa amelala fofofo, na mkono wa dada yake ameushika, hauachii.

Kalunde akafumba macho. Naye akalala.