Mgonjwa wa Kingamyambo

Kamba ilipanda ghafla mbele ya boneti.

Stamili Ngonyani akakanyaga breki. Land Cruiser iliteleza kwenye vumbi jekundu, ikasimama pua ikigusa kamba. Mbele yake, lori la buluu aina ya Shacman lilizidi kuwa dogo kwenye barabara ya Likasi.

Lori hilo lilikuta kamba iko chini. Lilipita bila hata kupunguza mwendo.

"Karatasi, mama," alisema mtu mwenye miwani ya jua, akiegemea dirisha kana kwamba gari ni la kwake.

Edouard Muteba wa uhamiaji, mkuu wa kizuizi. Stamili alimfahamu vizuri mno. Kiwandani Kingamyambo walimjua Stamili kama injinia wa pampu, Mtanzania aliyetumwa kwa mkataba. Kwa wakubwa wake Dar es Salaam alikuwa jasusi. Lakini tangu afike Kolwezi, Kongo, kazi yake kubwa ilikuwa kupanga foleni. Kibali cha kuishi. Kibali cha kufanya kazi. Kibali cha kuthibitisha kwamba ameomba kibali. Vyote vilihitaji muhuri wa Muteba, na Muteba kila siku alikuwa kwenye mkutano.

Aliwahi kuuchungulia huo mkutano. Ulikuwa sahani ya bukari, ugali wa huko, na samaki.

"Cachet ya service yangu haiko," Muteba alisema.

"Pasipoti nilikuachia wewe uigonge muhuri."

"Iko ku bureau. Bureau imefungwa. Utarudia kesho."

"Ufunguo uko kwa nani?"

"Iko na chef."

"Chef ni nani?"

"Ni miye, mama." Akatabasamu. Mabaki ya samaki yalikuwa bado katikati ya meno.

Stamili akageuza uso.

Simu ya setilaiti, Thuraya, ikatetemeka.

"Mgonjwa katoka wodini," ilisema sauti ya Dar. "Unamwona?"

"Kwa mbali."

"Akivuka mpaka tumemkosa. Mteja anamsubiri huku. Anataka kumpeleka uwanjani siku ya mechi."

"Nimeelewa."

Mgonjwa alikuwa kidonge cha sesiamu yenye mionzi, kidogo kuliko ncha ya kidole, kilichoibwa kwenye kipimo cha bomba la matope pale kiwandani, na sasa kilisafiri ndani ya lori la buluu. Hakinuki wala hakitoi moshi. Ukikaa nacho kinakupika polepole. Ukikifunga na baruti, kinatia sumu uwanja mzima. Aliyekiiba ni Harmsen, mkandarasi wa Kizungu aliyekuwa akiwasalimu wafanyakazi wote kwa majina yao.

Stamili akautazama mkono wa Muteba ulioshika dirisha. Saa ya Omega. Wiki iliyopita ilikuwa mkononi mwa Harmsen.

Kumbe ndivyo.

Bastola aina ya Glock ilikuwa chini ya kiti. Akaiacha. Risasi moja hapa, na angelala selo huku lori likivuka mpaka.

Kando ya kizuizi, chini ya turubai, walikaa maofisa wa idara nyingine. Usafi. Mazingira. Madini. Uchukuzi. Kila mmoja na meza yake, kila mmoja na muhuri wake, wote wakipiga miayo wakisubiri mtu wa kukamua.

Stamili akatoa kichwa nje, akapaza sauti.

"Chef Muteba! Lile lori la buluu lilikulipa wewe peke yako?"

Miayo ikakatika.

Mama Godelieve wa idara ya usafi aliinuka, mwanamke mpana mwenye sauti ya kwaya. "Kamyo gani?"

"Lililopita sasa hivi, mama."

"Edouard! Ulituambia ile ni kamyo ya basoda, ya jeshi!"

"Mama Gode, ngojeya nieleze..."

"Ueleze nini? Unakula peke yako, na shiye tuko batu bure?"

Ofisa wa uchukuzi alishawasha pikipiki. Mama Godelieve akapanda nyuma yake. Wengine wakarukia taxi-moto zilizokuwa zikisubiri abiria. Kamba ikaanguka, Muteba akabaki na simu sikioni, na hakuna aliyekumbuka kumwomba Stamili karatasi.

Akawafuata, mguu wote kwenye mafuta.

Walilipata lori karibu na njia ya kwenda Tenke. Pikipiki zikalizunguka kama nyuki, likasimama. Dereva, kijana aitwaye Mpoyi, alishuka akijishika mlangoni. Akatapika hadi kwenye ndala zake.

Hakuna aliyemuuliza ana nini.

"Karatasi ya vaccination!"

"Extincteur ya kuzima moto iko wapi?"

"Cachet ya mazingira!"

"Batata, baba zangu, naumwa," Mpoyi alinong'ona. "Tangu jana. Hata maji inarudia."

Stamili akawasukuma kando. Alikwishaona mashimo yenye mizoga mgodini, lakini hakuwahi kuona uchafu kama huu: mikono iliyonyooshwa mbele ya mtu anayekufa.

"Unalala wapi, Mpoyi?"

"Mu cabine. Muzungu aliniachia kisanduku chini ya kitanda. Alikataza nisifungue."

Kipimo kidogo cha mionzi kilichoning'inia kwenye mkanda wa Stamili kikaanza kulia mfululizo.

"Ondokeni hapa! Radioactif!"

Neno hilo watu wa migodi wanalijua. Walikimbia wakaacha mihuri barabarani.

Stamili akamketisha Mpoyi mbali, upande upepo unakotoka. Akachukua koleo refu na kopo zito la madini ya risasi nyuma ya Land Cruiser. Akaingia kwenye kabini, akafungua kisanduku, akabana kidonge, akakitumbukiza koponi, akakaza kifuniko, akashuka.

Kipimo kikanyamaza.

"Weka chini."

Prado nyeupe ilikuwa imesimama nyuma yake, Muteba kwenye usukani. Aliyesema ni Harmsen, ameshika bastola aina ya Beretta, jasho likimtiririka.

"Hili?" Stamili akauliza. "Kifuniko sijakikaza. Shika."

Akamrushia.

Harmsen alijua vizuri kilichomo. Aliruka kando kama aliyetupiwa nyoka. Koleo likatua kwenye kiwiko chake. Bastola ikaanguka. Goti la Stamili likafuata mgongoni, kisha pingu za plastiki. Kopo lilibingirika hadi mtaroni, kifuniko kikiwa imara.

Muteba alishuka kwenye gari.

"Mama ingénieur... kukamata muzungu inaomba autorisation."

Stamili akanyoosha mkono. Pasipoti ilitoka mfukoni mwa shati la Muteba; kumbe haikuwa ofisini.

"Nitapiga cachet sasa hivi. Bure!"

"Mbebe Mpoyi umpeleke hospitali."

"Nimuguse? Haitanipata?"

"Haambukizi. Mbebe."

"Lakini hospitali itaomba karatasi ya..."

Stamili akamwonyesha Prado kwa kidole.

Muteba alimwinua kijana mikononi. Kabla hawajafika kwenye Prado, Mpoyi akatapika tena, kifuani mwa shati lililopigwa pasi. Mama Godelieve alirudi taratibu kutoka vichakani, akafungua mlango wa nyuma bila kuambiwa, akakaa, akakipakata kichwa cha kijana.

"Endesha, Edouard," alisema.

Stamili akapiga simu Dar.

"Mgonjwa amefungiwa. Mwizi ninaye. Waambie wenzetu wa Lubumbashi waje wamchukue. Na dereva anahitaji daktari wa mionzi leo, si kesho."

"Safi sana. Wewe uko salama?"

"Nipo."

Akanawa mikono kwa maji ya chupa. Akanawa tena. Akamsukumia Harmsen kwenye kiti cha nyuma, akawasha gari, akaondoka bila kugeuka.