Mponyaji Kutoka Bijombo

Kila Jumamosi asubuhi Keza alichota maji, akaosha sahani, kisha akashuka na mama yake hadi ufukweni mwa ziwa kuanika ndagala. Kuwageuza samaki wale wadogo juani hakukumpendeza hata kidogo, lakini alifanya kazi bila kununa kwa sababu alijua kinachomngoja baadaye.

"Mama, nimemaliza. Naweza kwenda?"

"Enda, lakini nawa mikono kwanza. Usiwapelekee wenzako harufu ya samaki."

Keza alinawa haraka haraka akakimbilia jumba la vijana la parokia. Hapo Mama Apollinarie, mwalimu wa shule ya msingi, aliwafungulia watoto wa mtaa chumba chenye kompyuta iliyounganishwa na televisheni kubwa. Aliyemaliza kazi za nyumbani na za shule aliruhusiwa kucheza. Asiyemaliza alirudishwa kwao, hata alie vipi.

Mchezo waliopenda kuliko yote uliitwa Kisiwa cha Majivu. Haukuwa mchezo wa mtu mmoja. Wachezaji wanne, kila mmoja na maneti yake yenye vitufe mkononi, waliongoza mashujaa wanne waliosafiri pamoja katika nchi ya mapango na majoka. Keza alikuwa mpiganaji wa upanga. Délice alirusha mishale. Jeancy alikuwa fundi wa moto, na moto wake mara nyingi uliunguza miti badala ya adui. Wa nne alikuwa mponyaji. Yeye hakuwa na silaha ya maana, ila fimbo na mfuko wa majani ya dawa ya kuwatibu wenzake.

Hakuna aliyetaka kuwa mponyaji. Ndiyo maana Irambona alipofika kutoka Bijombo, kule milimani, kuja kuishi na shangazi yake na kusoma huku Uvira kando ya ziwa, walimpa nafasi hiyo bila kumuuliza. Siku za kwanza alishika maneti kichwa chini miguu juu, na watoto wakacheka. Irambona alicheka pamoja nao, kisha akaigeuza na kuanza kujifunza.

Alijifunza kweli. Jumamosi baada ya Jumamosi alikaa akitazama pande zote za televisheni, midomo ikichezacheza kana kwamba anahesabu. Keza alipovamia kundi la mazimwi bila kufikiri, alishangaa kuona jeraha lake limepona kabla hajaomba msaada.

"Umejuaje?" alimuuliza siku moja.

"Kwetu nilikuwa nachunga ndama," Irambona alijibu. "Ukimwangalia mmoja tu, wengine wanapotea. Basi nikazoea kuwaangalia wote."

Tangu siku hiyo Keza alianza kumheshimu, ingawa hakumwambia.

Kisha Mama Apollinarie akatangaza mashindano. Kundi lao lingepambana na kundi la watoto wa mtaa wa Kalundu, na washindi wangekwenda Kamanyola kucheza na watoto wa huko. Kila kundi lingeingia kwa zamu katika pango la joka kubwa. Kundi litakaloliua joka na kubaki na mashujaa wengi zaidi ndilo litakaloshinda.

"Sharti ni hili," alisema. "Mtatumia dawa mlizochuma wenyewe safarini. Pale mlangoni mwa pango kuna pia sanduku la dawa za nyongeza. Mtalifungua mara moja tu."

Keza alijua jambo ambalo wenzake hawakulijua. Siku moja, kwa bahati, aligundua kwamba ukitoka pangoni na kurudi, sanduku lile hujaa tena. Ilikuwa kasoro ya mchezo. Alitamani sana kufika Kamanyola. Alijiona tayari ndani ya gari, akipungia mkono wenzake wa shule. Basi alasiri moja, Mama Apollinarie alipotoka kuzungumza na mgeni uani, Keza aliwasha mchezo peke yake. Alifungua sanduku, akatoka, akarudi, akafungua tena, hadi mfuko wa dawa ukafura. Kisha akahifadhi mchezo na kuondoka.

Siku ya mashindano chumba kilijaa watoto, wengine wakichungulia madirishani. Kundi la Kalundu, likiongozwa na Herménégilde, lilicheza kwanza. Walipigana kwa ujasiri. Joka lilipoanguka, shujaa wao mmoja tu ndiye aliyekuwa bado amesimama, na watu wakashangilia kwa vigelegele.

Zamu ya kina Keza ikafika. Irambona alifungua mfuko wake, akautazama, akasita.

"Keza," alinong'ona, "dawa hizi zote zimetoka wapi? Sisi tulichuma chache."

"Nyamaza, weye. Cheza tu."

Wakaingia pangoni.

Mwanzoni walikwenda vizuri ajabu. Mishale ya Délice ililipata joka machoni, na moto wa Jeancy, kwa mara ya kwanza, ulimpata aliyekusudiwa. Keza alirukaruka mbele na upanga wake, na kila alipojeruhiwa mkono wa mponyaji ulimfikia. Joka likaanza kuyumba. Kisha lilimpiga Keza kwa mkia, naye akagaagaa chini.

"Dawa!" alipiga kelele.

"Zetu zimeisha," Irambona akasema.

"Iko nyingi humo! Nipe!"

"Zetu zimeisha, Keza."

Shujaa wa upanga akafa. Akafuata Délice, kisha Jeancy. Irambona alibaki peke yake mbele ya joka, akilipiga kwa ile fimbo yake nyembamba, akikwepa huku na huku bila kukata tamaa, hadi moto ukamfunika. Joka lilikuwa limebakiwa na uhai kidogo mno.

Mchezo ulipokwisha, televisheni ilionyesha mali ya kundi. Kila mtu aliuona mfuko wa dawa, umejaa tele.

"Hakututibu!" Délice alifoka akisimama. "Dawa zote hizo, na ametuacha tufe!"

"Huyu wa milimani hajui hata kubonyeza!" sauti ikatoka dirishani, na chumba kizima kikaangua kicheko.

Irambona aliiweka maneti mezani taratibu. Machozi yalimlengalenga, lakini hakuyaacha yatoke.

Mama Apollinarie akamsogelea. "Mwanangu, kwa nini hukuzitumia?"

"Zile tulizoruhusiwa ziliisha, Mama."

"Na hizi zilizobaki?"

Irambona aliinamisha kichwa. Hakumtazama Keza hata kwa kuibia. Angeweza kusema neno moja tu na kicheko chote kile kingemwondokea, lakini alinyamaza.

Wazo moja lilimwambia Keza akae kimya, maana hakuna aliyekuwa na habari ila Irambona. Lakini alipoyaona mabega ya Irambona, aliona haya kuliko wakati wowote maishani mwake. Akasimama.

"Msimcheke," aliwaambia wote. "Ni mimi. Nilifungua sanduku mara nyingi nikiwa peke yangu. Dawa zilizobaki ni za wizi. Irambona amekataa kuzigusa."

Kicheko kilikatika. Délice alimwangalia Keza kwa hasira, kisha akamgeukia Irambona. "Unisamehe," alisema. "Nimekulaumu bure."

"Na mimi unisamehe," Keza akaongeza. "Nilikuacha uaibike kwa kosa langu."

Irambona alipangusa macho. "Ulikuwa unapigana vizuri," alijibu. "Hukuhitaji zile dawa."

Kalundu wakatangazwa washindi. Keza aliambiwa kwamba kwa muda hatacheza, bali atafagia chumba kila Jumamosi, naye akakubali bila ubishi. Watoto walipoanza kutawanyika, Herménégilde alikuja na maneti mkononi.

"Irambona, mponyaji wetu anachelewa kutibu. Tafadhali, njoo umfundishe kabla hatujaenda Kamanyola."

"Nitakuja," Irambona alisema. Akawatazama Délice, Jeancy na Keza mmoja mmoja. "Lakini nitakuja na kundi langu lote. Keza pia."

Keza alishindwa kujizuia, akalia.

Mama Apollinarie aliwakusanya wote wanne karibu naye.

"Leo mmeshindwa na joka," alisema, "lakini nimeona mambo mawili yaliyonifurahisha. Irambona alikuwa na ushindi mkononi, akakataa kuupata kwa udanganyifu, hata alipochekwa. Na Keza angeweza kujificha nyuma ya ukimya wa mwenzake, lakini alisimama akasema kweli mbele ya watu. Ushindi wa wizi ungewafikisha Kamanyola mkiwa na hofu ya kugunduliwa. Ukweli unawauma leo, lakini mnatoka hapa mkiwa bado marafiki, na kila mmoja anaweza kumwamini mwenzake. Fanyeni kazi kwa bidii, chezeni kwa haki, na mtu akikosea, aseme."

"Ndiyo, Mama," wakaitikia.

Keza akachukua ufagio. Kabla hajaanza, alimgeukia Irambona.

"Nikiruhusiwa kucheza tena, utanifundisha kuwa mponyaji?"

Irambona akatabasamu. "Nitakufundisha. Utaanza kwa kutuangalia sote."