Mikwaruzo Miwili Miwili

Fundi rangi Luqman wa Buzebazeba amezoea magari yaliyokwaruzwa kwa makusudi. Mji una wivu wake. Mtu akinunua gari leo, kesho msumari umepita. Kwa hiyo Alhamisi ile asubuhi, Evaline alipoegesha gari lake jeupe uwanjani, Luqman hakuona la ajabu. Evaline ni bibi shamba aliyehamishiwa Kigoma kutoka Singida. Gari alilinunua mwezi uliopita kwa ndugu wa marehemu mmoja wa Ujiji, likiwa na mikwaruzo hiyo hiyo, naye alitaka iondoke mapema. Alasiri alikuwa na kikao na wakulima wa kahawa Kalinzi.

Luqman alilizunguka gari polepole. Mikwaruzo ilikuwa miwili miwili: kila mlango miwili, boneti miwili, buti miwili. Mifupi, ya urefu wa kidole, imenyooka. Mwenye wivu hakwaruzi hivyo. Mwenye wivu huburuta msumari kutoka taa ya mbele hadi ya nyuma huku akikimbia. Huyu alikuwa ametulia.

Akaanza kupiga msasa. Katika kila mkwaruzo ulitoka unga mweusi, laini, wenye harufu ya nywele zilizoungua. Akaupeperusha kwa upepo wa kompresa, akajaza puti, akapaka praima, akapiga rangi. Mlango wa mwisho ulikuwa wa nyuma, kushoto.

Alipoumaliza, gari likashuka.

Si sana. Upande wa nyuma uliinama na springi zikalia, kama mtu mzima anapoketi. Luqman alichungulia dirishani. Kiti kitupu. Angali ameinama hapo, likashuka tena, kidogo. Kisha tena, kidogo zaidi.

Saa nane mchana Evaline alikuja kulichukua. Luqman alimwomba aliache hadi kesho, akasingizia kwamba rangi haijakauka vizuri. Evaline alisema wakulima wanamngoja, akaisifu kazi, akaondoka. Luqman alibaki amesimama, akilitazama gari likipanda barabara. Lilikuwa na dereva peke yake, na nyuma limelala kama lililojaa.

Hakunawa hata mikono. Alikwenda moja kwa moja Ujiji, akaulizia nyumba ya mjane wa yule marehemu.

Bi Hidaya alimsikiliza hadi mwisho, ushungi ameubana mdomoni. Alisema gari liliuzwa na shemeji yake, naye hakuulizwa. Kisha akaeleza. Mumewe aliwahi kupakia mama mmoja na wanawe wawili kutoka Kalinzi, gari likapinduka kwenye kona. Mumewe alitoka mzima. Wale watatu hawakutoka. Gari lilinyooshwa likawa zuri, lakini kila alipoliendesha, walipanda. Ndipo akaitwa mganga, akalichanja gari kama anavyochanjwa mtu, akasugua dawa ndani ya chale.

Alimpa Luqman fundo dogo la dawa hiyo, ule unga mweusi, masalia ya siku ile.

"Chale ndizo zilizofunga milango," alinong'ona. "Zirudishe, mwanangu. Kabla ya magharibi."

Bodaboda ilimpandisha Luqman milimani. Alilikuta gari kabla ya kufika Kalinzi, limeegeshwa kando ya migomba. Evaline alikuwa amesimama mbali nalo, funguo mkononi, midomo imemkauka.

"Fundi," alisema kwa sauti ya chini, "nyuma kuna mtoto anakohoa."

Luqman alilisogelea gari. Alitoa msumari. Aliichana kazi yake ya asubuhi kwa mkono wake mwenyewe, rangi mbichi ikikunjamana mbele ya ncha. Boneti. Milango. Buti. Akasugua unga. Aliposugua chale ya mwisho, kikohozi kilikatika.

Kimya.

Evaline alilia kwa faraja. Luqman aliufuta msumari, akautia mfukoni. Waliteremka mjini pamoja kwa gari hilo, na kesho yake, baada ya swala ya Ijumaa, Luqman alikwenda kumpa Bi Hidaya habari njema.

Bi Hidaya alianza kushukuru, akasita. Akasogea karibu.

"Walikuwa wameshuka kabla hujaifunga milango?"

Luqman alijaribu kukumbuka. Kikohozi kilikatika, ndiyo. Lakini gari halikuinuka. Wakati wote wa kuteremka, lilikuwa limelala nyuma.

Jumatatu Evaline alilirudisha. Alisema linakwenda vizuri, ila mlango wa nyuma umeingia panya. Anamsikia akikwaruza tangu asubuhi. Luqman alifungua skrubu moja moja, akang'oa kava la ndani la mlango, mahali ambapo mkono wa mtu haufiki pasipo bisibisi.

Hapakuwa na panya. Bati lilikuwa limekwaruzwa kwa ndani, juu mpaka chini, na vumbi la rangi limejaa kwenye kingo. Mikwaruzo ilikuwa minne minne, myembamba, imekaribiana sana.

Katika mmojawapo ulikuwa umenasa ukucha, mdogo kama punje ya mchele.