Hatua Mbili Kabla ya Ukingo

Siku ya kwanza kukutana, mwigizaji alimwangukia fundi mabegani.

Ilikuwa asubuhi ya mazoezi na ukumbi umefurika. Wapiga ngoma wanakaza ngoma, mshonaji anamfukuza mfalme ampime kiuno, mwongozaji anamfokea kila mwenye masikio. Fundi wa jukwaa, shati limelowa jasho na penseli sikioni, alikuwa ameinama mbele ya jukwaa akipigilia ubao. Huko juu malkia, ndani ya gauni la manjano linaloburuzika sakafuni, miguu mitupu, akapiga hatua kwa madaha. Sakafu ilikuwa imekwisha.

Walikwenda chini wote wawili.

"Samahani, kaka," alisema, bado amemkalia. "Nilidhani kuna sakafu."

"Ilikuwepo, dada. Umeimaliza."

Alicheka mpaka taji likamdondoka. Ndipo fundi alipopata habari kamili: bila miwani dada huyu haoni mbali, na mwongozaji amesema malkia havai miwani. Fundi alikasirika kuliko yeye aliyeanguka. Jukwaa linamfika mtu kifuani, taa zinampiga machoni, na hakuna hata mstari wa kumwambia mwisho ni hapa. Siku hiyohiyo akabandika utepe mweupe ukingoni, pembe hadi pembe.

Basi yakaanza mambo yao. Simu wakati wa chakula, simu akifika nyumbani, simu ya kuuliza kama simu iliyopita ilisikika vizuri. Dada alimwita Bwana Utepe. Fundi alimwita Mtukufu Kipofu, akatukanwa, akafurahi.

Wiki moja kabla ya onyesho, mapenzi yakamtia fundi ujinga. Aliota mpenzi wake ameanguka tena, safari hii hakuna bega la kumpokea. Kulipokucha akawahi kazini, akaubandua utepe, akaubandika hatua mbili nyuma. Hakumwambia mtu. Alijiona amefanya la maana.

Lakini mtu wa taa alikuwa ameshapanga taa zake kufuata ukingo wa kweli. Malkia anakuja mbele, anaona weupe chini, anasimama, na taa inamulika mbao tupu mbele yake. Siku tatu alisema maneno yake makubwa gizani. Mwongozaji si mtu wa kuchunguza. Alisema huyu anaogopa watazamaji, na asipokuja mbele mpaka kwenye taa mazoezi ya Ijumaa, umalkia atapewa mwigizaji mwenzake, ambaye tayari alikuwa ameanza kujipimia gauni.

Umalkia ule dada aliusubiri miaka sita, akiigiza mjakazi, mti, na nusu ya nyuma ya punda. Alivaa miwani, akaazima futi, akapima mwenyewe.

"Nani kausogeza?"

Fundi alisema ni yeye. Alikuwa anahofia ataanguka.

"Siku tatu nimejiona sifai." Sauti yake ilikuwa ndogo kuliko siku zote. "Nimelia chooni nikisema labda kweli naogopa. Kumbe ni wewe, mpenzi, unanirudisha nyuma."

Simu za fundi hazikupokelewa tena. Ya tisa ilipokelewa na shangazi mtu, aliyemmiminia msururu mzima wa maswali: anafanya kazi gani, anakoroma, na kwao wanawake hubandikiwa mipaka kwa gundi? Fundi alijibu yote, kisha akaanza kulalamika.

"Usinililie mimi, mwanangu," shangazi alisema. "Fundi ni wewe. Tengeneza." Akakata.

Fundi alianza kwa mwongozaji. Alikiri mbele ya watu wote, hata wapiga ngoma, kwamba mwoga ni yeye, malkia hana kosa. Mwongozaji akasema maneno ni maneno, Ijumaa ni Ijumaa. Fundi akaurudisha utepe ukingoni. Nyuma yake, urefu wa unyayo mmoja, akagundisha ukanda wa msasa, upana wa kiganja, ili mguu mtupu ujue wenyewe. Akaujaribu akiwa amefumba macho. Alianguka mara moja, akaongeza msasa.

Kisha akampelekea dada kipande aguse.

"Wenzangu huletewa maua," dada alisema.

"Maua hayatakwambia sakafu inaishia wapi."

Hakucheka, ila alivua viatu.

Ijumaa malkia alikuja mbele kwa kasi, kidevu juu. Fundi, kwenye kiti cha mbele, aling'ata kofia yake. Unyayo ukakuta msasa, ukasimama palepale, na taa ikamjaa usoni. Alisema maneno yake yote. Mwongozaji alipenga kamasi, akasingizia vumbi. Yule mwenzake malkia akaenda kumrudishia mshonaji gauni alilokuwa akijipimia.

Mazoezi yalipokwisha, simu ya fundi ikalia: ni malkia, bado yuko jukwaani.

"Uko wapi?"

"Hapa chini, mbele yako."

"Nilidhani ni gunia. Panda huku."

Alipanda.

"Ukiwa na hofu, niambie," dada alisema. "Usinisogezee sakafu."

"Ninayo moja sasa hivi. Naogopa nikikuomba tuoane utakataa."

"Omba, tuone."

Fundi akakohoa, akaanza kueleza kuhusu chumba chake, ukubwa wake, dirisha linakoelekea. Dada alikubali kabla maelezo hayajafika mlangoni.