Sauti ya Bibi Kwenye Karatasi

Kila Ijumaa baada ya mapumziko, darasa la akina Bernadeta, huko kwenye miteremko ya Uluguru, lilijaa mikasi, gundi na karatasi za manila. Wanafunzi waliwarekodi watu wa nyumbani wakizungumza, na simu ikaichora sauti kwenye kioo: palipo na sauti kubwa mstari mrefu, palipo na sauti ndogo mstari mfupi. Nao walikata vipande vya manila kwa vipimo hivyo, wakavisimamisha kwa gundi juu ya boksi, ili Mosi, mwenzao asiyeona, naye aupapase mchoro huo wa sauti kwa vidole.

Ijumaa hii kazi moja ingechaguliwa kwenda kwenye maonyesho ya Jumamosi mjini Morogoro. Ya Bernadeta ilipendeza kuliko zote, ila ilikuwa ya uongo mtupu. Aliagizwa apande mlimani kumrekodi bibi yake akisimulia jambo kwa Kiluguru. Badala yake alinogewa na kuruka kamba, kisha akakata vipande vya kubuni. Eti nani angejua!

"Nadhani tutapeleka hii," alisema Mwalimu Winfrida. "Mosi, hebu ipapase kwanza."

Mosi alipitisha vidole taratibu hadi mwisho, akakunja uso, akarudia tena mwanzo.

"Mwalimu, kwani huyu bibi hapumui?"

Darasa likaangua kicheko. Mosi hakucheka. "Kweli tena. Kwenye kazi za wengine nakuta nafasi tupu, mtu anavuta pumzi. Huyu kaongea tu, hajapumzika hata mara moja. Bernadeta, bibi yako yukoje?"

Bernadeta angeweza kusema bibi huongea haraka, na maneno yalishamfika mdomoni. Lakini vidole vya Mosi vilikuwa bado juu ya karatasi, vikisubiri jibu. Aliona aibu kubwa.

"Si bibi," alisema huku akilia. "Sikwenda, Mwalimu. Nimebuni."

Kazi iliyokwenda mjini ikawa ya mwenzao Elia, iliyopinda na kulowa gundi.

Kesho yake Bernadeta alipanda mlima. Alipofika na kutoa shikamoo, bibi alikuwa ndiyo kwanza anatua mkungu wa ndizi, akasimulia huku akihema. Jumatatu asubuhi Mosi aliipapasa kazi mpya. Katikati alisimama.

"Hapa kakohoa?"

"Eeh, kakohoa! Mara mbili."

Mosi alitabasamu, akaendelea taratibu, kama mtu anayemsikiliza mgeni.

Mwalimu Winfrida alimshika Bernadeta bega. "Maonyesho yamepita, na hii haitapata zawadi yoyote," alisema. "Lakini Mosi hawezi kuiona simu ahakikishe. Anategemea ulichombandikia. Mtu akikutegemea hivyo, mwanangu, mpe kitu cha kweli, hata kikiwa na kikohozi."