Mama Aonja Gemu

Sogeeni karibu, wanangu. Mumjue Mize.
Mize ni mdogo, lakini hamu yake ni kubwa. Hamu ya kumkosesha raha.

Kaka yake Shaame yuko sekondari. Kila alasiri yeye na rafiki zake hujifungia chumbani, wakacheza gemu la kupigana.
Pu! Pa! Puu! Wanacheka mpaka wanagaagaa.

Mize hukaa nje ya mlango, peke yake.
"Na mimi, kaka. Na mimi."
"Wewe bado," Shaame humjibu.

Bado, bado! Hiyo bado haiishi? Moyo ulimuuma Mize.

Akamfuata Mama jikoni. Mama alikuwa anakoroga uji.
"Mama, nataka gemu la kaka. Na mimi."

Mama akadondosha uji kiganjani, akaulamba. Ndivyo afanyavyo siku zote. Mize hali kitu mpaka Mama aonje.
"Gemu hilo sijalionja," alisema Mama. "Ngoja nionje."

Mama akaingia chumbani. Akajifunga khanga kiunoni, akakaa mkekani, akashika kidude cha kuchezea.
Pu! Pa! Puu! Loo, Mama alipigwa huyo!

"Bonyeza, Mama," alisema Shaame.
Mama akabonyeza. Mtu wa kwenye gemu akaanguka. Damu ikaruka.
Mama hakucheka.

"Mize, njoo ukae nami. Tutazame pamoja."
Mize akaingia mbio.

Akamtazama yule mtu aliyeanguka.
"Mama, mbona haamki?"
Akajificha ndani ya khanga ya Mama.

"Hili bado la moto kwako, mwanangu," alisema Mama. "Utalicheza ukikua."
Mize akainuka pole pole, arudi nje. Machozi yalimlengalenga.

"Kwani unataka kupigana?" aliuliza Mama.
Mize akatikisa kichwa.
"Nataka kukaa na kaka."

Masikini Shaame, hakuwa anajua.

Akatafuta gemu jingine. Hili la vyura wanene, wanasukumana kwa matumbo.
Mama akaonja kwanza. Bwi! Bwi! Chura akaanguka, akainuka, akacheka.
"Hili tamu," alisema Mama.

Shaame akasogea, akapiga mkeka kwa kiganja.
"Kaa hapa, Mize."

Mize akakaa katikati, bega kwa bega na kaka yake.
Bwi! Bwi! Chura wake akashindwa. Akashindwa tena. Wala hakujali.

Usiku, Mize alikuwa kitandani, macho mazito.
"Kaka, kesho na mimi?"
"Na wewe," alisema Shaame, akamfunika shuka.
Mize akalala.