Mdahalo wa Nyimbo za Tuzo

Kila nikitoka shule, nikishaosha vyombo na kufagia uani, nilivuta kigoda karibu na meza ya shangazi ili tubishane. Shangazi ni fundi redio. Meza yake imejaa nyaya, skrubu na kaseti za nyimbo zilizoshinda tuzo kabla sijazaliwa.

"Hizo ni za kulalia, shangazi," nilimwambia. "Nyimbo ni za siku hizi!"

"Haya, mjuaji," alijibu bila kuinua kichwa.

Basi shule yetu ikaingia fainali ya mdahalo dhidi ya shule jirani. Mada ilikuwa hii: nyimbo za tuzo za zamani ni bora kuliko za leo. Sisi tulipinga, na msemaji mkuu nilikuwa mimi. Nani mwingine? Mdomo ninao! Kombe lile shule yetu haikuwahi kulishika hata siku moja, na safari hii tulilitaka kwelikweli.

Siku ya mazoezi niliziponda nyimbo za zamani mpaka wenzangu wakapiga madawati. Mwalimu akauliza jambo moja tu, "Umesikiliza ngapi?"

Ningeweza kudanganya, lakini macho yake yalikuwa usoni pangu. "Hata mmoja, mwalimu."

Darasa zima likaangua kicheko. Lo! Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Mwalimu hakucheka. "Una wiki moja. Ukiniletea maneno ya kuokoteza, nafasi yako nampa mwingine."

Nilifika kwa shangazi nimenywea. Aliposikia kisa changu, alicheka mpaka akaweka bisibisi chini. "Mtaka cha mvunguni sharti ainame, mwanangu. Lete daftari."

Kila siku tulisikiliza nyimbo mbili za tuzo, mmoja wa zamani na mmoja wa leo. Tena shangazi alinilazimisha kuziimba. Siku ya nne ikafika zamu ya wimbo wa leo ninaoupenda kuliko zote. Mshororo wa tatu, pumzi kwisha! Nikarudia. Kwisha tena.

"Mbona mwimbaji mwenyewe havuti pumzi?"

"Siku hizi hurekodi kipande kipande, fundi wa studio akaviunga. Zamani bendi nzima iliimba na kupiga kwa pamoja. Mpiga ngoma akikosea mwishoni, wote wanaanza upya."

"Kumbe za leo ni udanganyifu!"

"Acha pupa. Akisimama jukwaani mbele ya watu, nani anamuungia?"

Nikaurudia wimbo ule siku zilizobaki, mpaka nikajua pa kuiba pumzi.

Siku ya fainali ukumbi ulifurika. Msemaji wao, kijana wa miwani waliyemwita Profesa, alimwaga maneno kama maji. "Nyimbo za leo huimbwa na mashine!" alimalizia. "Hata mtoto mchanga anaziweza!"

Nikasimama. "Wazee wetu walirekodi wimbo mzima kwa mkupuo mmoja, nami nawavulia kofia. Lakini kama wa leo ni rahisi, karibu uimbe ubeti huu." Nikamnyooshea daftari lenye ule wimbo wangu.

Profesa akajitosa. Mshororo wa tatu akabaki anahema, watu wakavunjika mbavu.

"Msimcheke," nikasema. "Mimi pia ulinishinda juzi." Kisha nikauimba, bila ala, mwanzo hadi mwisho. Ukumbi ulilipuka! Majaji walipotangaza kwamba tumeshinda, wenzangu walininyanyua juujuu huku nikilia kwa furaha. Hata Profesa alinifuata. "Hebu nionyeshe, pale unavuta pumzi wapi?"

Shangazi, aliyekuja kusikiliza, alinikumbatia mlangoni mwa ukumbi, naye mwalimu akiwa kando yake akitabasamu.

"Leo nimeshinda, shangazi!"

"Si leo, mwanangu," alisema. "Ulishinda siku ile ulipokiri mbele ya wenzako kwamba hujui, kisha ukaenda kujifunza. Anayejifanya anajua hafundishiki."